Johnson ya mjomba: kofia inasema 15, mdomo wa kabureta unapiga chafya (uzi mrefu, vumilieni)

#1 Mwanzisha uzi, Matema

Wakuu, ugonile kwa mlioko Kyela, na wengine wote salamu.

Nina mashine ya boti, Johnson ya zamani, ya kuchanganya oili na petroli. Silinda mbili, kabureta (kile kinachochanganya hewa na petroli) moja. Aliniachia mjomba, naye aliinunua kwa mtu wa ng'ambo, Karonga. Kofia, yaani kifuniko cha juu cha mashine, imebandikwa namba 15. Ilikaa stoo miaka minne chini ya magunia ya mpunga, panya wakajenga kwenye kamba ya kuvutia.

Mwezi uliopita niliipakia kwenye haisi nikaipandisha Mbeya. Fundi aliyeelekezwa kwangu ni wa pikipiki lakini husifiwa kwa kabureta. Akaifungua, akaosha, akaweka seti mpya ya gasketi na oringi, akaijaribu kwenye pipa la maji nyuma ya banda lake. Silensa, yaani ule mwendo wa chini kabisa, imetulia kama cherehani. Nikalipa, nikashuka nayo nimefurahi.

Huku chini imegeuka. Inawaka vizuri kwa kuvuta mara mbili au tatu, ila silensa inayumba, na ukiipa moto (ukiongeza mwendo) inapiga chafya pale mdomoni mwa kabureta, "chwii", halafu inazima. Ukivuta choki nusu inakubali na kukimbia kidogo. Jumamosi nilikuwa natoka Ikombe na akina mama wamepakia vyungu kwenda Lyulilo, ikazima mbali na ufukwe na mwera umeshaanza kunyanyua mawimbi. Tulipiga makasia saa moja na nusu. Mama mmoja akaniuliza kama nauli ni nusu, maana nusu ya kazi wamefanya wao. Sikuwa na jibu, nikamrudishia.

Naombeni msaada. Kabureta imekufa au kuna kitu kingine?

#2 Mbeya mjini

Mkuu usijitese. Agiza kabureta mpya ya Kichina, funga, maisha yaendelee. Haya mavitu ya zamani ni kaburi la pesa.

#3 Fundi, Itungi

Kijana, huyo hapo juu msikilize baadaye. Agiza kabureta ya nini? Ya 15? Una uhakika gani kama hiyo ni 15? Kofia ni nguo tu. Huku ziwani kofia zinavuliwa na kuvalishwa kama shati la mtumba; nimeona Yamaha yenye kofia ya Suzuki na mwenyewe anaapa.

Kwanza nijibu haya manne, usiguse bisibisi bado:

Plagi zote mbili zina rangi gani ukizitoa mara tu baada ya kuzima? Ukimweka mtu aminye ule mpira wa mafuta wakati mashine inaanza kufa, inafufuka au haifufuki? Unachanganya oili kiasi gani? Na namba ya mashine ni ipi? Siyo ya kwenye kofia.

#4 Mwanzisha uzi

Shikamoo mzee. Plagi zote mbili ni nyeupe, kavu, kama zimepakwa chokaa. Tumeminya mpira, haikubadilika kitu, inakufa vilevile. Oili naweka lita moja kwa dumu la lita ishirini, mjomba alisema ukizidisha unaipa nguvu.

Namba: kile kibati cha kwenye mkono unaobana boti hakipo, yamebaki matundu mawili ya ribiti.

#5 Fundi, Itungi

Marahaba. Sasa tunaongea.

Plagi mbili nyeupe kwa pamoja ni habari nzuri. Kabureta yako ni moja na inalisha silinda zote mbili. Ingekuwa plagi moja nyeupe na nyingine imelowa, ningekuambia uache kabureta ukatafute koili, au presha ya ile silinda moja. Zikiugua zote mbili ugonjwa uleule, tazama kile zinachokula pamoja.

Mpira nao umejibu. Ukiminya ikafufuka, tatizo ni pampu au bomba linalovuta hewa njiani. Yako haikufufuka, kwa hiyo mafuta yanafika kwenye kikombe cha kabureta ila hayapandi kutoka pale kwenda mdomoni. Choki inasaidia kwa sababu inapunguza hewa, basi uwiano unakaribia kuwa sawa. Mashine yako ina njaa ya mafuta. Usiikimbize hivyo hata siku moja zaidi, mafuta yakiwa machache joto linapanda na pistoni inatoboka. Pistoni ya hiyo huipati Kyela.

Oili ya mjomba: lita moja kwa ishirini ni moja kwa ishirini. Johnson ya umri huo inataka moja kwa hamsini, yaani mililita 400 kwa dumu la lita ishirini, oili ya injini za boti siyo ya gari. Watu wengi hawalioni hili: jeti ni tundu la kipimo kimoja. Ukijaza oili, kinachopita pale ni oili nyingi na petroli pungufu, tena mchanganyiko mzito unapita kwa shida. Umeongeza oili, umeongeza njaa.

Kuhusu namba, usikate tamaa. Vua kofia. Kwenye bloku tafuta kifuniko cha duara cha chuma, kama sarafu kubwa, kimegongelewa kuziba tundu. Kwenye Johnson na Evinrude za zamani namba hugongwa pale pia. Futa grisi kwa kitambaa chenye petroli, usisugue kwa msasa, namba yenyewe si nzito. Paka chaki nyeupe kisha futa juu juu, herufi zitabaki na chaki ndani.

#6 Iringa

Nafuatilia. Nina mashine Mtera nayo kibati kimeng'oka, nilidhani ndiyo basi tena.

#7 Mwanzisha uzi

Mzee, ndaga fijo, asante sana. Chaki imefanya kazi. Inasomeka J25RCR, kisha kuna herufi moja imelika siioni. Sasa hiyo 25 ndiyo nini, mbona kofia ni 15?

#8 Fundi, Itungi

Ndiyo nguvu zake halisi, farasi 25. Kofia imetoka kwa marehemu mwingine.

Soma hivi. J ni Johnson. Ingekuwa Evinrude ingeanza na E. 25 ni nguvu. R inayofuata ni ya kuvuta kwa kamba; yenye stata ya umeme hapo pana E. Kisha CR ndiyo mwaka. Kuanzia 1980 wenyewe walificha mwaka kwenye neno la herufi kumi, INTRODUCES. Andika hilo neno, chini yake weka 1 mpaka 9 na mwisho 0. I ni 1, N ni 2, T ni 3, R ni 4, O ni 5, D ni 6, U ni 7, C ni 8, E ni 9, S ni 0. Kwa hiyo C ni 8, R ni 4. Mashine yako ni ya 1984. Herufi ya mwisho iliyolika ni ya marekebisho ya toleo, ukiikosa bado unaweza kuagiza vifaa, mradi ulinganishe cha zamani na kipya kwa macho.

Johnson na Evinrude ni mtoto wa baba mmoja, kampuni ya OMC ya Marekani. Kampuni ilifilisika Desemba 2000, Bombardier wakaichukua mwaka uliofuata, na Evinrude yenyewe ikaachwa kutengenezwa 2020. Kwa hiyo duka likikwambia "Johnson hatuna", uliza Evinrude 25 ya 1984. Ndani ni ileile, vifaa vinaingiliana.

Sasa swali langu la msingi: fundi wa Mbeya alinunua seti ya gasketi kwa kusoma nini?

#9 Mwanzisha uzi

Kwa kusoma kofia.

#10 Mbeya mjini

Hahaa. Nimenyamaza.

#11 Iringa

Na sisi wa Yamaha tufanyeje mzee? Yangu ni 15.

#12 Fundi, Itungi

Yamaha ni rahisi zaidi. Namba za vifaa vyao huanza na alama tatu zinazotaja familia ya mashine, na kabureta kamili kwa kawaida ni 14301. Kwa mfano 63V-14301 ni kabureta ya familia ya 63V, ambamo zimo 15 nyingi zilizoko huku. Kisha angalia mwili wa kabureta, mara nyingi zile alama tatu zimegongwa hapo pia. Kama bloku ni familia moja na kabureta ni nyingine, ujue kuna mtu alipita kabla yako.

Tahadhari moja kwa wote: namba kubwa zilizonyanyuka, zilizotoka pamoja na chuma wakati kinamiminwa kwenye kalibu, aghalabu si namba ya kifaa. Kalibu moja hutoa kabureta za mashine tofauti, zinatofautiana matundu ya ndani tu. Za kuamini ni zile ndogo zilizogongwa baadaye.

Tumrudie wa Matema. Fungua kabureta. Tandika shuka jeupe, siyo gazeti, kiskrubu kikianguka ukione. Kabla hujalegeza kile kiskrubu cha silensa, kikaze taratibu mpaka kiguse, ukihesabu mizunguko, uandike. Ukikilazimisha ncha inaota mfereji na hutakaa upate silensa tena. Halafu toa kikombe na uniambie gasketi yake ina matundu mangapi, na uso wa kabureta inapokaa una matundu mangapi.

#13 Mwanzisha uzi

Wakuu, nimekaa nayo tangu saa tisa mchana, naandika kwa tochi.

Skrubu ya silensa ilikuwa wazi robo tatu ya mzunguko tu.

Gasketi: nimeibandua kwa wembe polepole. Nimeiweka juu ya uso wa kabureta, nikainyanyua kuelekea taa. Ina tundu kubwa la katikati na ya skrubu za pembeni, basi. Uso wa kabureta una kitundu kingine kidogo pembeni, unene wa njiti ya kiberiti, na pale gasketi ilipokaa kuna alama ya duara imejichora kwenye karatasi, kama karatasi ilikuwa inanyonywa humo. Hilo tundu lilikuwa limezibwa kabisa.

Na si hilo tu. Kwenye kikombe nimekuta nyuzi za silikoni nyekundu, ile ya kuzibia. Mojawapo imesimama mdomoni mwa jeti ya chini kama mdudu.

Nimekaa kimya kidogo. Nilimlipa yule fundi na soda nikamnunulia.

#14 Fundi, Itungi

Usimlaumu sana, na jina lake usiliweke humu. Mashine iliwaka kwake. Kwa nini iliwaka kwake ikakataa kwako? Nitakueleza, hili ndilo linawapiga wengi wanaopeleka mashine mjini.

Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Ziwa letu liko kama mita 475. Ukishuka Uyole, Tukuyu, mpaka Kyela, masikio yanaziba na kuzibuka, si ndiyo? Hewa ya huku ni nzito. Ya Mbeya ni nyepesi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Kule juu kabureta inavuta hewa nyepesi, mafuta yanazidi, mashine inatoa moshi na kulowesha plagi. Fundi akaona moshi, akakaza skrubu mpaka robo tatu, ikatulia. Kwake alikuwa sahihi! Ukaishusha kwenye hewa nzito na skrubu ileile iliyobanwa, ikakosa mafuta. Juu ya hayo pipa halina mzigo. Propela inazungusha maji ya pipa, haisukumi boti yenye akina mama kumi na vyungu. Gasketi iliyoziba na ile silikoni havikujionyesha kwenye silensa ya pipani, vilisubiri uipe moto ziwani.

Mashine ya boti hutyuniwa pale itakapofanyia kazi. Ukiipeleka Mbeya, ipeleke kwa kazi ya chuma: kuchonga, kuchomea, kubadili beringi. Skrubu urudi uje kuiseti mwenyewe majini.

#15 Iringa

Hii ya hewa sijawahi kuisikia kwa fundi yeyote. Kumbe ndiyo maana pikipiki yangu ya Mafinga ikifika Kilombero inakuwa tofauti.

#16 Fundi, Itungi

Ndiyo hiyohiyo.

Kazi ya usafi sasa. Jeti kubwa iko chini ya kikombe, nyuma ya kile kizibo kinene cha kumwaga mafuta yaliyomo. Utahitaji bisibisi pana inayojaza ufa wote wa jeti, maana ni shaba ya njano, laini, ukitumia nyembamba unautafuna ufa na jeti haitoki tena. Kama huna, chukua bisibisi kuukuu uinoe kwenye jiwe mpaka itoshee.

Kuzibua usitumie waya wa chuma, wala ule wa breki ya baiskeli. Waya unapanua tundu, na tundu ndilo kipimo chenyewe. Wewe ni mtu wa ziwani, una mshipi wa nailoni. Kata kipande chembamba, pitisha huku na huku. Loweka petroli safi usiku kucha, kisha puliza kwa kompresa ya bodaboda, ukifuata kila njia uone hewa inatokea wapi. Kitundu kisichotoa hewa upande wa pili bado hakijapona. Vaa miwani, nilishapata petroli machoni.

Boya, lile linaloelea ndani ya kikombe: litikise sikioni. Ukisikia maji yanacheza ndani, limevuja, litazama na kufurisha mafuta. Kisha geuza kabureta juu chini, boya lilalie sindano kwa uzito wake, usilibonyeze. Ukilitazama kwa ubavu linatakiwa liwe sambamba na uso wa gasketi. Likiinama upande mmoja, pindisha kile kiulimi kidogo kwa koleo, nywele kwa nywele.

Sindano, ile inayofunga mafuta boya likipanda: angalia ncha. Ikiwa na pete imejichora, tupa. Kupima, geuza kabureta juu chini, puliza kwa mdomo penye bomba la mafuta, isipitishe. Igeuze wima, puliza tena, ipitishe. Mzee aliyenifundisha alikuwa akifanya hivyo huku anavuta sigara, msimuige.

Gasketi: kama ya asili imechelewa kufika, nunua karatasi ya gasketi inayovumilia petroli, siyo boksi la sabuni, na silikoni usiisogeze kabisa, petroli inaivimbisha na kuimega. Weka karatasi juu ya uso wa kabureta, igonge taratibu kwa kichwa cha nyundo ndogo pembezoni, kingo za chuma zitajichora. Kila tundu lililojichora litobolewe, hata lile dogo. Hasa lile dogo.

#17 Dada wa dagaa, Kyela

Samahani kuingilia wakubwa. Ninyi mnaongea kabureta, mimi nataka kujua huyu kaka lini anarudi safari za Ikombe, maana boti nyingine imepandisha nauli.

#18 Mwanzisha uzi

Dada vumilia, Jumamosi Mungu akipenda.

Nimeagiza seti ya Evinrude 25 ya 1984, imekuja kwa basi kutoka Dar. Mama yangu amenisaidia kutafuta kipete kilichoruka chini ya meza, aliniuliza kama hiki kitu kidogo hivi ndicho kilinizamisha. Nimelinganisha gasketi mpya na uso wa kabureta kwenye taa: kitundu kipo. Hayo mengine nimefanya kama ulivyosema. Jeti kubwa imetoka na uzi wa silikoni wa urefu wa kucha. Boya zima. Sindano ilikuwa na pete, nimeweka mpya. Oili mililita 400, nimepima kwa chupa ya dawa ya kikohozi.

Skrubu ya silensa nianzie wapi?

#19 Fundi, Itungi

Mzunguko mmoja na nusu, hapo ni pa kuanzia tu. Ingiza boti majini, isubiri ipate moto dakika kumi. Iweke gia ya mbele, imefungwa kamba kwenye mti wa maana, silensa ya chini. Kaza skrubu theluthi ya unene wa kucha, subiri sekunde kumi na tano, maana mafuta yaliyomo njiani lazima yaishe kwanza. Kaza tena mpaka ianze chafya. Kumbuka hapo. Sasa legeza kidogo kidogo mpaka ianze kuguguma na kulemewa. Kumbuka na hapo. Kaa katikati, kisha legeza kidogo zaidi upande wa mafuta. Mashine yenye mafuta yaliyozidi kidogo itakuchafulia plagi; ya mafuta pungufu itakutobolea pistoni, chagua hasara yako.

Halafu ipe moto ghafla. Ikipokea bila chafya, umemaliza. Tembea nusu saa na mzigo, zima ikiwa bado inakimbia, toa plagi. Nataka rangi ya kahawia, kama maganda ya karanga.

#20 Mwanzisha uzi

Mzunguko mmoja na robo tatu ndipo ilipotulia. Chafya hakuna. Nimekwenda Ikombe na kurudi na boti imejaa, choki sijaigusa. Plagi ni kahawia, ya juu imekolea kidogo kuliko ya chini.

Yule mama wa nauli nusu alipanda. Amelipa yote, akaniwekea na kichungu kidogo cha mboga.

Ila mzee, maji yanayotoka kule nyuma kuonyesha mashine inapoa yanatoka kama mkojo wa mtoto, tena ya moto. Nifungue impela, ile pangaboi ya pampu ya maji?

#21 Fundi, Itungi

Fungua leo, kabla hujala. Na uanzishe uzi mwingine, huu umejaa.